Ule

Hapa Mabela hawalitaji jina lake.
Wanasema: ana ule.
Ule tu, bila nomino, bila mwenyewe,
kama mzigo ulioachwa uwanja wa ndege.
Wifi yangu Shinuna akisema "ule"
hushusha sauti, akanitazama kifua, kisha dari,
na mimi, niliyefundisha sarufi Unguja kabla ya kuhamia,
namalizia sentensi kimoyomoyo:
ule mlango, ule mkufu, ule muhogo
uliokuwa ukiungua jikoni siku niliyoushika.

Nilikuwa natafuta pini ya mtandio, imeniangukia ndani ya nguo.
Vidole vikakuta kokwa ya tende chini ya ngozi.
Hakuna aliyekula tende.

Daktari akasema kwa Kiarabu: saratan.
Nikamgeukia Humud anitafsirie,
kana kwamba kwa Kiswahili litakuwa neno jingine.
Ni lilelile. Limeongezwa i tu mwishoni,
kama mgeni aliyeongezewa mto.

Kwetu titi tunaliita ziwa.
Nchi hii haina ziwa. Ina falaji na mabonde makavu,
na mvua ijayo mara moja moja ikaondoka na magari ya watu.
Mimi nimebaki na moja, nikamwambia nesi Mmalabari.
Hakuelewa. Alicheka kwa kuwa nimecheka,
na mshono ukanivuta mpaka kwapani.

Nikarudi nyumbani na kichupa kinaning'inia ubavuni.
Humud, miaka thelathini na moja hajui sukari inakaa wapi,
alikimwaga kila alfajiri baada ya sala
akaandika nyuma ya bili ya umeme:
sitini. Hamsini na tano. Hamsini na tano. Thalathini.
Siku ya kumi na mbili akaandika kumi,
akaipigia mstari mara mbili,
akatoka nje kuosha gari lililokuwa safi.

Nywele zilianguka; mtandio ukanitunzia siri.
Nyusi ndizo zilizonisaliti.
Shinuna akaleta habasoda, asali ya Rustaq,
na jina la mtu wa Bahla achomaye kwa chuma cha moto.
Nikapokea asali.

Asubuhi ya Idi nilisimama juu ya chetezo.
Moshi wa udi ukapanda ndani ya kanzu;
kulia ukatua,
kushoto ukapita moja kwa moja hadi shingoni,
kama mtu aliyebisha akakuta nyumba imehamwa.

Kila wiki ya tatu, Jumanne, anakuja Mundhir.
Sikumzaa. Mama yake, jirani yetu Thuweba,
alilazwa na homa ya uzazi,
nikamnyonyesha yeye na Asila wangu miezi minne,
huyu huku, huyu huku, mimi katikati na uji unapoa.
Ndiyo maana leo anaweza kukiona kichwa changu kitupu,
anaweza kuubeba huu mkono uliovimba
kama anabeba trei ya vikombe vya watu.

Kwenye kiti cha dripu najiuliza: lake lilikuwa lipi?
Nadhani la kushoto.
Mkono wa kulia ulikuwa na mwiko.
Basi lililomfanya mwanangu lilikwenda maabara
ndani ya ndoo ndogo yenye jina langu na tarehe,
na yeye yuko mlangoni, ufunguo wa gari kidoleni,
anauliza kama nimekula.

Nilimwambia tukiwa njiani. Hakujibu.
Tulipofika kwenye taa nyekundu alikunja taulo mara nne,
akaliweka chini ya mkanda, mkanda usiguse mshono.
"Mama, kiyoyozi kinakuumiza?"

Simu ikalia. Shinuna: vipi, ule unaendeleaje?
Nikamuuliza: upi?
Kimya.
Upi, Shinuna? Ule mkono? Ule mguu? Ule mwezi?
Taa ikawa kijani, wa nyuma yetu wakapiga honi,
na yeye, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji,
akalitaja.

Mundhir akapunguza redio.
Nikasema: haya, sasa niulize tena.